Bipu Mbili za Kwenda Maskati

Kila jioni Yasmin alipotoka shuleni alikuta kazi zake zinamngoja: kuchota maji bombani kabla hayajakatika, kuosha vyombo vya mchana, kufua soksi za kesho. Kazi ya mwisho ndiyo aliyoipenda. Aliichukua simu ya mama yake, akaifunga kwenye kitambaa isiingie vumbi, akaenda nayo nyumba ya pili kwa Mama Pendo kuichaji, kwa sababu nyumba yao pale Mwembesongo ilikuwa haijavutiwa umeme. Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zilipoanza kuenea Morogoro. Mtoto aliyepita mtaani na simu, hata kama si yake, alitembea kifua mbele.

"Shikamoo, Mama Pendo."

"Marahaba, mwanangu. Baba hajambo huko aliko?"

"Hajambo. Jana alibipu."

"Basi mshukuruni Mungu. Chomeka hapo, karibu na redio."

Baba yake Yasmin, Yunusi, alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha pale mjini. Kiwanda kilipobinafsishwa, mwenye mali mpya alikuja na mashine nyingi na watu wachache, na Yunusi akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alihangaika na vibarua mpaka soli za viatu zikaisha. Mwishowe akapata kazi kwenye karakana ya magari huko Maskati, ng'ambo ya bahari, akamwacha mkewe Mwanaasha na binti yao huyo mmoja.

Mapenzi ya mbali yana gharama yake. Mwanzoni Yunusi alipiga simu ya kulipia, Mwanaasha akaenda kuipokea dukani mjini, lakini walikuwa hawajamaliza kusalimiana pesa imekwisha. Wakajaribu barua pepe. Mwanaasha hakujua kompyuta, ikambidi amtamkie kijana wa duka la intaneti maneno ya kumwandikia mumewe. Sasa mke atamwambia nini mumewe mbele ya kijana wa watu? Kila barua ikawa ile ile: sisi wazima, mvua inanyesha, Yasmin anakusalimu. Ndipo Yunusi akamtumia mkewe simu kwa mkono wa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani, wakapanga utaratibu wao.

Mara moja kwa wiki walitumiana ujumbe mfupi, maneno yamebanwa kama nguo kwenye begi dogo. Siku nyingine zote walibipu. Baada ya swala ya isha, simu ililia kidogo ikanyamaza. Hiyo ilikuwa bipu moja ya Yunusi, yenye maana kwamba yu mzima na anawakumbuka. Mwanaasha naye akambipu mara moja, basi, siku imekwisha salama. Bipu mbili zilikuwa na maana nyingine: kuna jambo zito, nunua kadi upige. Kama bipu haikujibiwa, Yunusi alijua simu iko kwa jirani inachajiwa, asitie wasiwasi. Na amri kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba bipu haipokelewi, maana ukiipokea unamla mwenzako salio lake lote.

Yasmin alizoea kumwona mama yake amekaa mkekani, simu ameipakata kwenye khanga, anasubiri. Ikilia na kunyamaza, alitabasamu peke yake. Yasmin alimhurumia. Mapenzi ya wazazi wake yalikuwa yamebaki mlio mmoja, na wao wakaridhika nao.

Lakini lilikuwako jambo moja ambalo bipu haikuliweza. Yunusi aliondoka bila radhi ya mama yake. Mama huyo, Bibi Mwantumu, aliishi Kinole, juu milimani, kwenye migomba na mdalasini. Mwanawe wa kwanza alikwenda ughaibuni akapotea moja kwa moja. Yunusi alipopanda mlima kumuaga, bibi aligeukia ukutani. "Wewe nenda," alisema, "lakini radhi yangu usiitafute." Tangu siku hiyo kila ujumbe wa Yunusi uliishia kwa swali moja: mama amesemaje? Na Mwanaasha hakuwa na la kumjibu.

Masika ya mwaka ule ilipokolea, habari zikashuka kutoka Kinole kwamba bibi hawezi, kichwa kinamgonga na miguu imevimba. Mwanaasha akafunga nguo zake kwenye khanga. Kinole hakukuwa na mtandao wa simu, hivyo simu ikabaki na Yasmin, naye Yasmin akabaki kwa Mama Pendo.

"Nisikilize," mama alimwambia. "Simu hii si mchezo. Baba yako akibipu, nawe mbipu mara moja. Nikikuletea neno kwamba bibi amezidiwa, mbipu mara mbili, akipiga umweleze. Salio lililomo ni la kazi hiyo tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Alikuwa amemwelewa kweli. Tatizo halikuwa kuelewa. Tatizo lilikuwa redio ya Mama Pendo.

Kila alasiri redio ilikuwa na kipindi cha salamu. Zamani watu walituma kadi, sasa mtangazaji alipokea ujumbe wa simu, akasoma majina ya watu kwa sauti tamu kama anawagawia halua. Pendo, ambaye alisoma darasa moja na Yasmin, ndiye aliyeanza.

"Na wewe tuma. Jina lako lisikike Morogoro nzima."

"Mama amekataza."

"Meseji moja tu? Nani atajua?"

Yasmin akatuma moja. Haikusomwa. Akatuma nyingine, pengine ile ya kwanza haikufika. Salamu za redio ni kama karanga, ukionja moja mkono unarudi wenyewe. Alasiri moja mtangazaji akasema, "Yasmin Yunusi wa Mwembesongo anamsalimu baba yake aliye Maskati." Pendo akamkumbatia. Kesho yake shuleni hata mwalimu wa zamu aliuliza ni nani huyo mwenye baba Maskati, na Yasmin alisimama huku uso unamwaka kwa furaha.

Jioni ya siku hiyo baba alibipu. Yasmin akabonyeza namba ili ajibu, na sauti ya mwanamke ikamwambia kwamba salio lake halitoshi. Akajaribu tena. Mwanamke yule hakubadili neno.

Kisha akajituliza: baba atadhani simu iko kwenye chaji. Ndivyo walivyopanga wenyewe. Akalala.

Siku mbili baadaye akaja Salum, mchuuzi aliyekuwa akiteremsha ndizi kutoka Kinole. Alimwita Yasmin pembeni, koti lake likivuja maji ya mvua.

"Bibi yako amezidiwa," alisema. "Alhamisi tunamteremsha kwa gari la ndizi, aje hospitali. Sasa sikiliza vizuri. Moyo wake umelainika. Anataka kusema na mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe, ampe radhi. Mama yako anasema umbipu baba leo, apige simu Alhamisi alasiri asikose. Umeshika?"

"Nimeshika, mjomba."

"Usisahau. Mama wa watu anahesabu pumzi."

Yasmin alibaki mlangoni. Dawa ya jambo hili ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Mama Pendo alikuwa jikoni anachambua mchicha, na mwanamke yule hakuwa mkali. Ilitosha kumwambia, nimemaliza salio kwa salamu za redio, naomba unisaidie vocha. Yasmin alikwenda mpaka mlango wa jikoni akarudi. Akaenda tena, Mama Pendo akainua macho.

"Vipi, Salum amesemaje?"

"Bibi anakuja Alhamisi. Amesema nimwarifu baba."

"Haya, usichelewe. Utaweza kumpata?"

"Nitaweza," Yasmin akasema, na neno hilo likamfungia mlango.

Jioni ile simu ililia, bipu moja. Yasmin alikuwa ameishika mkononi. Angeweza kuipokea. Hata neno moja la haraka lingetosha kumshtua baba akanunua kadi. Akakumbuka amri ya mama, bipu haipokelewi, akaacha ilie na kunyamaza. Ajabu ya binadamu ndiyo hiyo: amri ya salio alikuwa ameivunja mchana kweupe, lakini hii ya kupokea aliishika kwa mikono miwili, kwa kuwa ilimficha. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Kila akijiambia atasema, alijiambia pia kwamba sasa amechelewa, ataulizwa mbona hukusema jana. Hata Pendo alipomwita wasikilize salamu alisema kichwa kinamuuma.

Alhamisi wakaja. Bibi Mwantumu alishushwa garini kati ya mikungu ya ndizi, amefunikwa turubai, amekonda lakini sauti yake bado ni ile ile ya kukemea kuku. Mwanaasha alitaka gari lipitilize hospitali. Bibi akakataa.

"Hospitali kesho," alisema. "Leo alasiri mwanangu anapiga. Nikilazwa huko na masindano yenu nitasema naye saa ngapi? Mniweke hapo karibu na simu."

"Mama, simu tutakwenda nayo hukohuko," Mwanaasha alimbembeleza.

"Mwanaasha, nimeshuka mlima huu kwa ajili ya neno moja. Niache nilitoe."

Wakamketisha mkekani nyumbani kwao Yasmin, simu mbele yake juu ya kitambaa. Mwanaasha akamgeukia bintiye. "Ulimbipu baba yako mara mbili?"

Yasmin alitazama sakafu. "Ndiyo, mama."

"Akapiga?"

"Alipiga. Nilimweleza."

Uongo wa kwanza ulikuwa wa neno moja. Huu ulikuwa na habari nzima ndani yake. Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamvuta Yasmin akae ubavuni pake.

"Nilimfanyia ukali baba yako," alisema. "Hasira ilikuwa ya yule mwingine aliyepotea, nikamwangushia yeye. Mtoto akienda mbali bila radhi ya mama yake, hata akila hashibi. Radhi ni bora kuliko mali. Siwezi kumtumia kwa mdomo wa mtu. Ataisikia kwangu."

Alasiri ikapita. Mvua ikaanza kupiga bati. Bibi alisinzia, akazinduka, akauliza kama simu imelia, akasinzia tena. Yasmin alikaa pale pale, mkono wa bibi begani kwake, na mkono huo ulimwelemea.

Baada ya isha simu ililia kidogo ikanyamaza.

"Si huyo?" bibi aliuliza huku akijaribu kuinuka.

"Ni bipu tu, mama, haipokelewi," Mwanaasha alijibu, lakini uso wake ulikunjana. "Mbona anabipu kama siku zote? Kama aliambiwa, mbona hapigi?" Akaichukua simu ambipu mara mbili. Mwanamke wa salio akamjibu. Mwanaasha akamtazama bintiye. "Salio limekwenda wapi?"

"Sijui, mama. Labda mtandao umekula."

Watu wote walikuwa wakiulalamikia mtandao siku zile, na Mwanaasha akaamini. Nje mvua ilikuwa ikimwagika na vibanda vya vocha vimefungwa. "Kesho asubuhi mapema nitanunua," alisema. "Lala, mama. Kesho utasema naye." Bibi akalala.

Alfajiri Mwanaasha alipokwenda kumwamsha kwa swala, alimkuta macho wazi, mdomo umepinda upande mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea. Alitaka kusema, ikatoka sauti isiyo na maneno. Salum na majirani walimbeba. Hospitalini daktari alisema ni kiharusi, kwamba shinikizo la damu lilikuwa limemsumbua muda mrefu, na kwamba sauti huenda ikarudi, huenda isirudi.

Yasmin alilisikia hilo akiwa amesimama ukutani. Hakuna aliyemuuliza kitu. Angeweza kunyamaza mpaka leo, na mtandao ungebaki na lawama yake. Lakini aliukumbuka mkono wa bibi begani kwake. Akamfuata mama yake kwenye baraza ya wodi.

"Mama, mtandao haukula. Mimi ndiye niliyemaliza salio. Nilituma salamu redioni. Sikumbipu baba. Hakupiga. Hakujua lolote."

Yasmin alitamani apigwe. Mama hakumpiga. Alikaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa khanga, na mabega yake yakatikisika bila sauti. Kisha akajifuta, akatoa pesa iliyofungwa kwenye pindo la khanga. "Nenda kanunue vocha," alisema. "Kimbia."

Bipu mbili zilikwenda. Haukupita muda simu ikalia, ikaendelea kulia, na Mwanaasha akaipokea. Alimweleza mumewe yote kwa maneno machache, la mama yake na la binti yake. Kisha akaingia wodini, akaiweka simu sikioni mwa bibi. Yasmin alisimama miguuni pa kitanda. Alisikia sauti ya baba, nyembamba, ikisema, "Mama, ni mimi Yunusi. Nisamehe, mama. Uniridhie." Machozi yalimtoka bibi kwa jicho moja. Alikuwa akihangaika kutoa neno, likawa linakataa. Ndipo akauinua mkono wake mmoja uliokuwa mzima, akaushikilia hewani, kisha akauweka juu ya simu na kuufunga hapo.

Mwanaasha alipoichukua simu tena, alisikiliza kidogo, akampa Yasmin. "Anakutaka wewe."

"Yasmin," baba alisema. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Mama yako atanipoza moyo, namjua. Wewe niambie ulichokiona. Mama amefanya nini nilipomwomba?"

Yasmin alimtazama bibi. Ilikuwa rahisi kusema, amekuridhia, baba, ametamka kwa shida lakini ametamka. Baba angelala vizuri. Nani angejua?

"Hakusema, baba," alijibu. "Hawezi kusema. Alilia. Halafu akainua mkono, akaushikilia juu, akauweka kwenye simu."

"Mkono gani?"

Kila mtoto wa kwao alijua kwamba mkono wa heri ni wa kulia. Wa kushoto haupewi mtu hata kikombe cha maji.

"Wa kushoto, baba. Wa kulia umekufa."

Kisha akasikia baba yake analia. "Basi ni kweli," baba alisema. "Mtu wa kunidanganya angeniambia wa kulia. Ameniridhia mama yangu. Ameniridhia kwa mkono aliobaki nao. Yasmin, ulichofanya kimeniumiza sana, sitakuficha. Lakini hili la leo nalipokea, kwa sababu ..." Hapo kadi ikaisha, simu ikakatika.

Walikaa barazani, mama na mwana, wakitazama mawingu yaliyofunika milima. Baadaye Mwanaasha akazungumza, taratibu.

"Sikukasirishwa na salamu za redio. Wewe mtoto, ulitaka jina lako lisikike, ni kosa dogo. Ungemwambia Mama Pendo siku ile ile, vocha ingenunuliwa, nami ningekugombeza yakaisha. Kosa ni kama jeraha, ukilionyesha mapema linaoshwa. Wewe ulilifunika, ukawa unalifunika kwa uongo mmoja juu ya mwingine, na bibi yako akakaa anasubiri simu ambayo haikuwepo, badala ya kwenda kwa daktari. Sisemi wewe ndiye uliyemletea maradhi, maradhi anayajua Mungu. Lakini siku ile moja alikuwa na sauti, na mwanawe hakuisikia. Vocha tunanunua dukani, Yasmin. Ile sauti tutainunua wapi?"

Yasmin akasogea karibu naye kwenye benchi.

"Leo umesema kweli ilipokuwa chungu," mama aliendelea. "Ndiyo maana baba yako amepata radhi yake. Ungemtamkia maneno matamu, angeishi nayo akiwa na shaka. Kweli haikungoja uwe huna kosa, ilikungoja uiseme tu. Usisubiri tena mpaka mtu aumie."

Muuguzi akatokea mlangoni akauliza nani atamlisha mgonjwa uji. Yasmin akainuka. Akakaa kitandani kwa bibi, akachota kijiko, akaupuliza uji upoe. Bibi akafungua mdomo upande ule uliofunguka, nusu ikaingia, nusu ikamwagikia shavuni. Yasmin akamfuta kwa ncha ya khanga, akachota kijiko kingine.